Siku Kumi na Tisa

Ramani tumeibana kwa vitu vitatu:
kopo la chumvi, kiatu cha Nambozo,
na kiwiko cha baba yao.
Pembe ya nne haina kitu, inainuka.
Uganda nzima inataka kujikunja
irudi ilivyokuwa kabatini.

Mbale yetu iko kulia, kando ya chumvi.
Bwindi iko kushoto, chini kabisa,
pale meza ilipopasuka.
Katikati kuna mabasi mawili, daraja la Jinja,
na usiku mmoja Kampala kwa shangazi Kainza
atakayeuliza, akimenya ndizi,
kwa nini tulipe pesa kwenda kutazama nyani
na huku Wanale ngedere wanatuibia mahindi bure.

Wolukawu, mume wangu, alilelewa kambini.
Kwake safari ni gwaride:
soksi jozi tatu, tochi, sindano na uzi,
kila mtu abebe mzigo wake na mdomo wake.
Ameyaandika nyuma ya bili ya umeme
kwa herufi za kuamrisha.

Nambozo ana miaka kumi na sita
na swali moja: mtandao upo?
Kisha akarudi ndani ya simu kama konokono.
Ila nilimwona, kidole kikitambaa,
Mbarara, Rukungiri, Buhoma,
midomo ikiyaonja majina bila sauti.

Mwenye safari hasa ni Mayeku.
Tangu Pasaka anapanda Wanale na mkoba wa mawe
miguu izoee utelezi.
Anajua gorila dume hupigaje kifua,
anajua ukikutana naye uiname, usimkazie macho,
na mezani siku hizi anainama hivyo mbele ya baba yake,
tunacheka mpaka ugali unapoa.

Ndipo nikasoma kijikaratasi chote,
mpaka maandishi madogo ya chini.
Aliye chini ya miaka kumi na mitano haruhusiwi.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia.
Siku kumi na tisa.
Na shule zinafunguliwa kabla.

"Mwongeze mwaka," akasema Wolukawu,
yeye, mtu wa amri!
"Nani atahesabu meno msituni?"
Lakini mimi ni mkunga.
Nilimzaa katika wodi ninayofanyia kazi,
mvua ikipiga bati,
na tarehe kwenye kadi yake niliiandika mwenyewe,
mkono ukitetemeka, kabla sijapewa chai.

Sikumwambia mume wangu lililobaki,
naye hakuniambia, tunalijua.
Mwakani ni mwaka wa shufwa,
na kwetu miaka ya shufwa ina kisu chake.
Atacheza Imbalu, atasimama bila kupepesa,
na kijana aliyesimama
haendi tena likizo ameshikwa mkono na mama.

Nambozo, bila kuinua kichwa:
"Basi na mimi sijafika kumi na tano."
Hakuna aliyemshukuru.
Tungemshukuru, angekana.

Mayeku alitoka nje.
Tulisikia mkoba ukifunguliwa,
mawe yakianguka uani, moja,
kisha kimya kirefu,
kisha mengine.
Wolukawu alitaka kuinuka; ramani ikamzuia,
angeondoa kiwiko tungepoteza nusu ya nchi.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na hatukuyatazama.
Tuliinama kidogo, kama alivyotufundisha.
Alishika jiwe dogo, la ukubwa wa yai la kanga.
Akaliweka kwenye pembe iliyokuwa inainuka,
juu kulia, mbali, Karamoja yote chini yake.
"Kidepo," akasema. "Huku je?"

"Huko jua linachemsha maji chupani," akasema baba yake.
"Mtandao?" akauliza dada yake.
"Sidhani."
Nambozo aliitazama simu, akaifunika kifudifudi
juu ya Ziwa Kyoga.
"Basi mtu abebe karata."

Wolukawu akaigeuza bili,
akatafuta mahali peupe,
akaandika: MAJI.
Akafikiri.
Akaandika tena: MAJI.